Nimeokota mashine ya kupuliza majani, imelala miaka mitano, haitaki kuwaka. Mafundi wa tustroki njooni

#1 Msafiri wa Baridi

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo vipi.

Niko Columbus, Ohio. Oktoba huku miti inavua nguo zote ndani ya wiki chache, na nyumba niliyopanga ina miti miwili mikubwa ya mepo mbele. Mkataba unasema majani ni juu yangu. Wiki mbili nimetumia reki, mgongo unauma kama nimelima heka.

Jumamosi jirani yangu, mzee wa makamo ya baba yangu, alikuwa anasafisha banda. Akatoa mashine ya kupuliza majani, ile ndogo ya kushika mkononi, ya petroli, akaiweka kando ya barabara pamoja na takataka. Nikamuuliza, akasema chukua, lakini haijaguswa mwaka wa tano huu.

Hali yake: tangini mlikuwa na mafuta kidogo yamekuwa rangi ya chai ya rangi iliyolala, yananuka vanishi. Kile kibofu cha mpira cha kupampia mafuta kimekauka na kupasuka kama ganda la chungwa. Kamba ya kuwashia inavutika vizuri. Nimemwaga mafuta ya zamani, nimeweka mapya, nimevuta kamba mpaka bega limegoma. Hata kukohoa haijakohoa.

Ni injini ya tustroki (mipigo miwili), cc 25. Chapa sitaji, najua uzi utageuka Simba na Yanga. Nina bisibisi, spana chache na muda wa jioni. Nianzie wapi?

#2 Kiberiti cha Ndani

Yaani binadamu amekaa chini akaunda injini ya kusukuma upepo, na upepo uko bure. Bibi yangu Korogwe anafagia uwanja mzima kwa chelewa kabla jua halijatoka, na hajawahi kuomba ushauri mtandaoni.

Naweka kambi hapa.

#3 Dereva Mstaafu

Koili hiyo, ile inayotengeneza moto wa plagi. Mashine ikilala banda lenye unyevu koili inakufa. Usihangaike na mengine, nunua koili, weka kadi ya jina kati ya koili na magneti kupima nafasi, iwe kama milimita 0.3, funga, vuta kamba. Nimemaliza.

#4 Jua Kali Dallas

Mkuu, mimi nafanya kazi ya bustani huku Texas mwaka wa saba. Ushauri wangu ni mfupi: nunua ya betri, hiyo irudishe barabarani. Hizi za petroli zinakwenda zikifa. Washington D.C. walizipiga marufuku tangu Januari 2022, na California imekataza kuuza mpya za petroli zilizoundwa kuanzia 2024. Mamlaka ya hewa ya California walikokotoa kwamba saa moja ya mashine ya kupuliza majani ya kikazi inatoa uchafu wa kutengeneza ukungu wa moshi sawa na kuendesha Toyota Camry maili 1,100. Maili, siyo kilomita. Na masikio yako je?

#5 Msafiri wa Baridi

Mkuu wa Dallas nimekuelewa, ila ya betri inaomba hela na hii imeomba kubebwa tu. Mtaani kwangu bado hawajakataza. Vya kuziba masikio ninavyo.

Dereva, koili nitaijuaje kama imekufa kabla sijainunua?

#6 Fundi Salfa

Kijana marahaba.

Mimi niko Masasi. Mashine yako ya majani sijawahi kuishika, lakini huku sisi tunazo ndugu zake, za kupulizia salfa kwenye mikorosho wakati wa ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe. Za kwetu zinabebwa mgongoni na yako inashikwa mkononi, ila injini ni watoto wa mama mmoja. Kila mwaka kuanzia mwezi wa tano naletewa mashine zilizotupwa stoo tangu Agosti na mafuta ndani, na kila mwenye mashine ananiambia "fundi, koili". Katika kumi, koili inakuwa moja, tena mara nyingine hakuna kabisa. Sasa hivi msimu wa salfa umepita, watu wako kwenye minada ya korosho, nina nafasi ya kuandika.

Usinunue kitu. Nijibu maswali matatu.

Toa plagi baada ya kuvuta kamba mara nyingi. Imelowa au kavu?

Toa ekzosi, chungulia kwenye tundu la moshi. Utaiona pistoni ubavuni. Vuta kamba taratibu ipande na kushuka. Ukiona mistari ya wima kama paka kaparua, usiendelee, hiyo imeshakula silinda. Ikiwa laini inang'aa, tunaendelea.

Rudisha plagi. Shika mpini wa kamba, iachie mashine ining'inie kwa kamba yake. Ikishuka kwa kusitasita, kama mzee anashuka ngazi, kompresheni (mgandamizo wa silinda) ipo. Ikiporomoka kwa mkupuo mmoja, ringi zimekwisha.

#7 Dereva Mstaafu

Hiyo ya kuning'iniza ni ya kienyeji. Kuna geji ya kompresheni.

#8 Fundi Salfa

Ipo, na ninayo. Ikisoma psi 120 hivi nafurahi, ikienda chini ya 90 naanza kuongea na mwenye mashine kwa upole. Lakini kijana hajasema ana geji, kasema ana bisibisi.

#9 Msafiri wa Baridi

Mzee, nimefanya yote jana usiku gereji.

Plagi ni kavu, kavu kabisa, haina hata harufu. Pistoni safi, haina mikwaruzo. Kamba inasitasita vizuri.

Nilipofungua kava la plastiki kufikia plagi nikakuta kiota cha panya. Amejaza nyuzi za godoro na maganda ya njugu katikati ya yale mapezi ya silinda. Nimetoa mkono mzima wa takataka.

#10 Kiberiti cha Ndani

Panya wa Ohio analala kwenye godoro. Wakuu, maisha ni safari.

#11 Fundi Salfa

Umefanya vizuri kumfukuza. Injini hizi hazina rejeta, zinapozwa na upepo unaopita kwenye yale mapezi. Ungeiwasha na kiota ndani, ndani ya dakika kumi pistoni ingevimba na kukwama, na kiota kingeweza kushika moto.

Plagi kavu maana yake mafuta hayafiki. Sasa tuitoe koili kwenye kesi. Chukua mafuta yaliyochanganywa na oili, matone machache tu, chini ya nusu kijiko cha chai, yatie kwenye tundu la plagi. Funga plagi, vuta kamba. Ikishtuka na kunguruma sekunde mbili kisha ikafa, moto upo, kompresheni ipo, kilichobaki ni njia ya mafuta.

#12 Msafiri wa Baridi

Mzee… "yaliyochanganywa na oili"?

Mimi nimeweka petroli tupu ya kituoni.

#13 Nahodha wa Kilindoni

Lahaula!

#14 Kiberiti cha Ndani

Hapo mashine ilikataa kuwaka kwa kujihami. Ina akili kuliko mwenye nayo.

#15 Nahodha wa Kilindoni

Ndugu yangu, mshukuru Mungu haikuwaka. Mimi ni mtu wa boti hapa Mafia, mashine zetu za nyuma ni tustroki pia. Tustroki haina oili ya chini kama gari. Ile petroli yenyewe, kabla ya kupanda juu kuungua, inapita kwanza kwenye chumba cha kranki, kile cha chini ya pistoni, na oili iliyochanganywa ndani yake ndiyo inayolainisha beringi na ukuta wa silinda. Petroli tupu inasafisha hata ule utelezi uliobaki. Nimeona mtu kaua mashine ya farasi kumi na tano kutoka hapa bandarini, hata Chole hajafika, kwa sababu kijana wake alijaza dumu lisilo na oili.

Mwaga yote. Changanya upya: 50 kwa 1. Lita moja ya petroli, mililita 20 za oili ya tustroki.

#16 Jua Kali Dallas

Na kwa kuwa yuko huku wanakouza kwa galoni: galoni moja ya Marekani ni aunsi 2.6 za oili. Vichupa vya aunsi 2.6 vinauzwa kila mahali, unamimina kimoja kwa galoni, huhitaji hesabu. Tena epuka petroli iliyokaa. Ya kituoni huku ina ethanoli hadi asilimia 10, inavuta unyevu wa hewani, na mashine ikilala nayo ndiyo hiyo vanishi uliyoikuta.

(Bado nasema betri.)

#17 Mzalendo wa Oili

50 kwa 1 ni ya wazungu na oili zao. Mimi mashine ya kukata nyasi naitia 25 kwa 1, oili zaidi ndiyo maisha zaidi.

#18 Fundi Salfa

Mzalendo, wateja wangu wengi wanawaza kama wewe, na ndio wanaonilisha. Huku kuna wanaopimia kwa kifuniko cha chupa ya maji, vifuniko vitatu, wengine vinne kwa kuiombea heri. Oili ikizidi inaungua nusu, inaacha masizi kwenye tundu la moshi na kwenye ringi, plagi inalowa nyeusi. Halafu kuna jambo watu hawalioni: ukiongeza oili kwenye lita ileile, petroli inapungua, kwa hiyo injini inapata mafuta membamba zaidi, yaani petroli kidogo kwa hewa ileile.

Soma kwenye tangi au kitabu cha mashine. Za zamani kweli nyingine zinataka 32 au 40, na oili za zamani zilihitaji hivyo. Za sasa, kwa oili ya kueleweka ya tustroki, nyingi ni 50. Asiyejua ya kwake aweke 40, hataua kitu.

Na siyo oili ya gari. Narudia. Siyo oili ya gari.

#19 Msafiri wa Baridi

Nimemwaga, nimechanganya kwa kile kichupa, nimetia matone kwenye tundu la plagi.

IMENGURUMA. Sekunde mbili, moshi mweupe, kimya. Nimerudia mara tatu, mara zote hivyohivyo. Mke wangu ametoka nje kuuliza kama nimepigwa.

#20 Dereva Mstaafu

Basi koili ni nzima. Nilikuwa natoa uwezekano mmojawapo.

#21 Fundi Salfa

Uwezekano umepokelewa.

Sasa sikiliza kwa makini, hapa ndipo kazi ilipo. Kabureta ya mashine hizi haina bakuli wala boya kama ya pikipiki. Fikiria mwenyewe: mtu anaigeuza juu chini, ubavuni, boya lingefanya kazi vipi? Badala yake kuna diaframu mbili, vingozi vyembamba vya mpira. Ya kwanza ni pampu. Kila pistoni ikipanda na kushuka inavuta na kusukuma hewa ndani ya chumba cha kranki, na kuna kitundu kidogo kinachopeleka yale mapigo hadi kwenye kingozi, nacho kinapumua na kuvuta mafuta kutoka tangini. Ya pili ni mpimaji. Injini ikinyonya, inainama, inabonyeza kijiti, kijiti kinainua nido (kisindano kinachoziba mafuta), mafuta yanaingia. Basi. Hakuna umeme, hakuna boya, ni kingozi kinachohema.

Sasa kingozi kikilala miaka mitano kwenye mafuta yaliyooza kinakuwa kama karatasi ya kalenda. Kinagoma kuinama. Nido nayo inaganda kwenye kiti chake kwa ile gundi.

Utakachonunua: seti ya kutengenezea kabureta (angalia namba iliyogongwa kwenye mwili wa kabureta yenyewe, mara nyingi itakuwa Walbro au Zama, agiza kwa namba hiyo na siyo kwa jina la mashine), kibofu kipya, mipira ya mafuta, na filta ya ndani ya tangi. Plagi mpya kama una hela, nafasi milimita 0.6 hivi, ila isome kwenye kitabu.

Mipira: kabla ya kutoa chochote, piga picha. Tena piga nyingine. Mmoja unatoka kwenye filta kwenda kabureta, mwingine unatoka kwenye kibofu kurudi tangini. Ukiichanganya, utapampu hadi Krismasi. Mpira mpya kuupitisha kwenye tundu la tangi, kata ncha yake kwa mshazari kama kalamu ya mwanzi, pitisha ncha, vuta kwa koleo kutoka ndani, kisha ndipo ukate ile ncha.

Kabureta: fungua juu ya sahani nyeupe. Upande wa pampu kuna kichujio kidogo kama ukucha wa mtoto, watu wengi hawakioni, nacho ndicho kimeziba. Upande wa mpimaji kuna kijiti, springi na nido. Springi inaruka. Ikiruka, usiape, piga magoti utafute.

Usichokonoe matundu kwa waya. Pulizia dawa ya kusafisha kabureta, ukiwa umeshatoa mpira wote, kwa sababu dawa inakula mpira. Vaa miwani. Inapiga upande mmoja na kutokea usikotegemea, mara nyingi jichoni.

#22 Jua Kali Dallas

Au anunue kabureta nzima ya bei rahisi mtandaoni, dakika ishirini amemaliza.

#23 Fundi Salfa

Anaweza. Mimi nimefunga nyingi. Zinawaka siku ya kwanza vizuri sana. Lakini ile ya asili, mwili wake ukiwa mzima, nikiuwekea vingozi vipya unanitulia msimu mzima, na ile ya bei rahisi nazunguka na skrubu kila asubuhi. Kama ya asili imeliwa na kutu nyeupe ndani, hapo sina ubishi, badilisha.

#24 Mama Kuku Kibaha

Jamani samahani kuingilia. Mimi nina mashine ya kukatia nyasi, ile ya kuvaa begani yenye kisu. Inawaka nikiwa nimeweka choki, nikitoa choki inakufa. Kijana anayenikatia anasema ndivyo zilivyo, anakata huku choki imefungwa nusu. Ni sawa?

#25 Fundi Salfa

Si sawa dada, na mwambie aache leo. Choki inaziba hewa ili mafuta yazidi. Mashine inayotaka choki muda wote inakuambia haipati mafuta ya kutosha, au inavuta hewa mahali pasipostahili. Mafuta kidogo kwenye tustroki ni oili kidogo, na oili kidogo ni pistoni kuungua.

Ikiwa inawaka, pulizia maji ya sabuni kwenye maungio ya kabureta na silinda. Mngurumo ukibadilika, gasketi inavuja. Usipobadilika, ni kabureta, fanya kama kijana wa Ohio.

#26 Mama Kuku Kibaha

Mngurumo umebadilika!! Bolti mbili za kabureta zilikuwa zinacheza. Nimezikaza kwa mkono wangu mwenyewe. Mungu akubariki baba.

#27 Msafiri wa Baridi

Dada Mama Kuku umenitangulia, hongera. Mimi spea zimefika leo.

Yale mzee aliyoyasema yote yamo. Mipira ilikatika mkononi kama tambi za jana. Filta ilikuwa imeshuka chini ya tangi peke yake, mpira umeiachia. Kale kachujio kalikuwa na kitu kama asali iliyoganda. Nido ilikwama, nikaiondoa kwa kuibembeleza. Springi iliruka. Sikuapa. Nimeipata ndani ya kiatu.

Swali: upande wa mpimaji nimekuta gasketi kwanza kisha kingozi, upande wa pampu kingozi kwanza kisha gasketi. Ndivyo?

#28 Fundi Salfa

Nyingi ndivyo zilivyo. Fuata picha yako, siyo kumbukumbu yangu.

#29 Msafiri wa Baridi

IMEWAKA!!

Nimepampu kibofu mara nane, nikaona mafuta yanapanda kwenye mpira mpya, nikaweka choki, mvuto wa nne ikashtuka, nikatoa choki, mvuto wa pili ikanguruma na kubaki. Sailensa (mngurumo wa chini, bila kuvuta mafuta) imetulia kabisa, moshi kidogo.

Tatizo: nikivuta mafuta haipandi. Inafanya "bwooo", inazama kama mtu kabanwa pua. Nikiachia inarudi sailensa vizuri. Nimegusa skrubu zile mbili za kabureta, zina vifuniko vya plastiki vinavyozuia kuzungushwa sana. Nilikozungusha hakuna mabadiliko.

#30 Dereva Mstaafu

Oili sili za kranki zimekufa. Injini ishushwe yote.

#31 Mzalendo wa Oili

Ongeza oili.

#32 Jua Kali Dallas

Jeti ya juu, kile kitundu cha mafuta ya mbio, haijasafika. Rudi kwenye kabureta. Au… nyamazeni tu, mnajua ninachotaka kusema.

#33 Fundi Salfa

Kijana, rudisha zile skrubu ulipozikuta. Hesabu ulizungusha mara ngapi.

Dereva, sili zikivuja mara nyingi sailensa ndiyo inayoharibika kwanza, inapanda peke yake na haishuki. Yake imetulia. Mashine inayotulia chini na kukataa kupanda, mimi naiuliza swali la kwanza: unavuta, je, unaweza kutoa?

Ulipotoa ekzosi kuchungulia pistoni, ulifungua na kile kifuniko kidogo pale moshi unapotokea?

#34 Msafiri wa Baridi

Hapana mzee. Nilitoa ekzosi nzima nikairudisha kama ilivyo.

#35 Fundi Salfa

Kafungue. Kuna skrubu moja au mbili. Ndani utakuta kiwavu kidogo cha chuma, cha kuzuia cheche zisiruke nje na kuchoma majani makavu.

#36 Msafiri wa Baridi

Mzee, hicho si kiwavu, hicho ni kaki iliyoungua. Nimekiinua kwenye taa, hakuna hata tundu moja linalopitisha mwanga.

#37 Fundi Salfa

Kishike kwa koleo, kiweke juu ya moto wa gesi, nje siyo jikoni, mpaka kiwe chekundu. Masizi yataungua yawe majivu. Kikipoa kipige brashi ya waya. Ndani ya tundu la moshi kwangua kwa kijiti cha mti, siyo bisibisi, na pistoni iwe imefunga tundu ili masizi yasidondoke ndani. Kiwavu ukirudishe, usikitupe kama wafanyavyo wengi. Wewe unapuliza majani makavu, unahitaji kuzuia cheche kuliko mtu yeyote.

Mwenye mashine wa kwanza alikuwa anatia oili kwa kukisia. Mzalendo, unaona?

#38 Mzalendo wa Oili

Nimeona. Nitapima ya kwangu kesho.

#39 Msafiri wa Baridi

Wakuu, inapiga kelele mpaka vioo vinatikisika. Nimepuliza majani ya mbele yote kwa robo saa. Mbwa wa jirani kakimbia.

Halafu ikazima. Kama vile mtu kafunga bomba. Nimesubiri, nikavuta, ikawaka, dakika mbili, ikazima tena. Mafuta yamo nusu tangi. Naomba mnisaidie kabla sijaipiga teke.

#40 Nahodha wa Kilindoni

Hilo niachieni mimi, fundi. Ndugu yangu, ikizima tu, legeza kifuniko cha tangi na usikilize.

#41 Msafiri wa Baridi

Imefanya "fyuuu". Na kibofu, kilichokuwa kimebonyea ndani, kikarudi. Nikavuta mara moja, ikawaka.

#42 Nahodha wa Kilindoni

Tangi lako halipumui. Mafuta yakitoka lazima hewa iingie nafasi yake. Isipoingia, tangi linanyonya kama mtoto aliyebanwa pua kwenye chupa, mwisho pampu inashindwa. Sisi kwenye dumu la boti tuna skrubu ya hewa juu ya kifuniko, kijana mgeni akisahau kuifungua tunazimikia katikati ya mkondo. Tafuta kipumulio chako.

#43 Fundi Salfa

Nahodha kamaliza. Kipumulio kwenye hizi ama kimo ndani ya kifuniko, ama ni kampira kafupi kanakotoka tangini na kuishia hewani, kenye kakitu kadogo mwishoni ka kuruhusu hewa kuingia bila mafuta kutoka.

#44 Msafiri wa Baridi

Kampira kafupi kanakoishia hewani.

Mzee, naomba nisamehewe. Wakati nafunga mipira mipya nilikuta kampira kasiko na pa kwenda. Nikasema huyu mzee wa banda alikata mpira akasahau, petroli itamwagika. Nikakaziba kwa gundi ya silikoni. Vizuri sana, mpaka nikajisifu.

#45 Kiberiti cha Ndani

Miaka mitano mashine imelala na panya, wala panya hakuziba kipumulio.

#46 Dereva Mstaafu

Mimi sina la kusema leo.

#47 Msafiri wa Baridi

Nimekata ile silikoni, nimeosha kale kakitu, nimepuliza kwa mdomo: hewa inaingia upande mmoja, upande wa pili haitoki. Nimeiendesha dakika arobaini bila kuzima, nimemaliza mbele, nyuma, na njia ya gari.

Jirani, yule mzee aliyeitupa, kasimama kwenye uzio muda wote ananiangalia. Nilipozima akaniuliza kama Jumapili anaweza kuiazima.

#48 Jua Kali Dallas

Hahaha. Muuzie.

Na usiiwashe gereji ukiwa umefunga mlango, nimekumbuka uliandika mwanzo uko gereji. Kwenye moshi wa petroli, ile hewa inayoua haina rangi.

#49 Fundi Salfa

Mwazime, lakini mchanganye mafuta wewe. Msimu ukiisha kabla theluji haijaanguka, mwaga tangi, iwashe iungue mpaka izime yenyewe, pampu kibofu kitoke kilichobaki. Usiiache na tone.

Sasa nami nina ombi. Hivyo vibofu vya mpira, huku navipata Mtwara mjini kwa bei ya kuudhi na vinapasuka kabla ya mwezi wa saba. Kuna mtu wako anayekuja nyumbani kabla ya Mei?

#50 Msafiri wa Baridi

Shemeji anakuja Februari, atapitia Dar. Nipimie kipenyo kwa milimita, mzee, na useme vingapi.

#51 Fundi Salfa

Ngoja nikafungue moja nikupimie. Ishirini vitatosha. Na kijana, usivifunge kwa silikoni.